Uvimbe Chini ya Sikio la Aneth

Aneth alikaa na kivimbe chini ya sikio la kushoto miaka mitatu bila kumwambia mtu. Hakikuuma. Alikuwa mkulima wa zabibu Hombolo, na shamba halikumpa nafasi ya kuhangaikia kitu kisichouma. Mumewe, Methusela, ndiye aliyegundua siku moja wakila kwamba mkewe akicheka, upande mmoja wa mdomo unachelewa.

"Mama Joel, hebu cheka tena."

"Nicheke nini? Umesema nini cha kuchekesha?"

Methusela aliuelekeza uso wake kwenye mwanga, akakiona kivimbe. Kesho yake alfajiri walikwenda Dodoma mjini.

Daktari aliyempasua aliitwa Sila, kijana wa sauti ya chini. Majibu ya maabara yalipotoka aliwakalisha wote wawili. Ilikuwa saratani ya tezi ya mate. Alikuwa ameitoa karibu yote, ila sehemu ndogo ilifuata mshipa wa fahamu kwenda ndani, jirani na ubongo, na huko kisu hakifiki salama.

"Mionzi ya kawaida tunayo hapa nchini," alisema. "Inasaidia, lakini inapenya mpaka upande wa pili, na saratani ya aina hii ni sugu. Kuna tiba nyingine ya chembe za kaboni. Zinakimbizwa na mtambo mkubwa kama jengo, na nguvu yake nyingi inaishia palepale zilipolengwa. Nyama ya jirani inasalimika zaidi. Sisi hatuna. Japani wanayo."

"Itaniponya?"

"Sitakudanganya, mama. Inaweza kuizuia kwa miaka mingi. Kuiondoa kabisa, sina uhakika."

Aneth alimshukuru kwa kutomficha. Mdogo wake Gideoni alikuwa akifundisha chuo huko Japani mwaka wa tisa sasa, na alipopigiwa simu hakusubiri amalize kueleza. "Dada, njoo. Gharama niachie mimi na wenzangu." Methusela alitaka kuongozana naye. Aneth akamkatalia, kwa kuwa zabibu zilikuwa zimeanza kuiva.

Hospitalini walimtengenezea kinyago cha plastiki laini ya uvuguvugu. Walimkandamizia usoni mpaka kikaganda, kisha wakakibana kitandani, kichwa kisisogee hata kidogo. Siku ya kwanza alidhani atakufa kwa hofu. Hawezi kusema, hawezi kugeuka. Mhudumu akamwonyesha kitufe cha kushika mkononi: akikibonyeza, wote watakuja mbio. Alikishika kwa nguvu, hakukibonyeza. Hakusikia moto wala maumivu, mlio tu wa mitambo nyuma ya ukuta, na baada ya dakika chache wakamfungua.

"Tayari?" Aneth alimuuliza Gideoni nje.

"Tayari, dada. Bado mara kumi na tano."

Wiki ya tatu mdomo ulichubuka ndani, akawa anakunywa uji uliopoa. Jioni alizungumza na mumewe kwa simu, maneno machache machache, naye Methusela akasimulia ya shambani taratibu ili mkewe asilazimike kujibu.

Alirudi na shavu jeusi na kinywa kikavu upande wa kushoto. Chupa ya maji haikumwacha tena, hata kanisani. Cheko lake lilibaki la upande mmoja. Kila baada ya miezi kadhaa alipigwa picha ya kichwa, na mwaka wa pili Daktari Sila aliigeuza kompyuta ili naye aone.

"Pamebaki kovu. Hapajakua kitu."

"Basi nirudi lini?"

"Baada ya miezi sita. Na baada ya mingine sita, urudi tena."

Siku hiyohiyo, kwenye benchi la kusubiria, mwanamke wa Kondoa aitwaye Mishi alikuwa amekaa akijifunika shavu kwa mtandio. Alikuwa peke yake. Aneth alimsalimu, akasogea.

"Kinauma?"

"Hakiumi kabisa. Ndiyo maana nataka kurudi zangu nyumbani."

"Usirudi," alisema Aneth. Akamtumia Methusela ujumbe kwamba atachelewa, na Mishi alipoitwa, wakaingia wote kwa daktari.