Taulo la Raundi ya Saba

Wanangumi walimwita Macho Chini, kwa sababu bondia wake akiwa ulingoni yeye haangalii mikono, anaangalia miguu. "Mkono ni mwongo," alizoea kuwaambia katika ukumbi wake wa bati linalovuja. "Mtu akiishiwa, mguu ndio unaotoa siri kwanza." Kwa kanuni hiyo alitoa mabingwa wanne.

Aliivunja mara moja tu. Siku hiyo mdogo wake wa tumbo moja, akipigana ulingoni, alianza kuburuta mguu wa kushoto, naye akajiambia dakika mbili si nyingi, amalize. Huu mwaka wa kumi na tisa mdogo mtu hatamki neno, analishwa uji kwa kijiko, na anayemlisha ni yeye.

Binti wa huyo mdogo alipotaka kupigana, mzee alikataa katakata. Binti akaenda kufunzwa kwingine, akarudi na pua iliyovunjika. Mzee akaona afadhali amfunze mwenyewe kuliko kumwacha kwa watu wanaojua kupiga wasiojua kukinga.

Pambano la mkanda lilikuwa la alasiri. Raundi sita binti alimpeleka mwenzake puta. Ya saba ilipofika katikati, mzee akaona mguu wa kushoto umechelewa, kama uliokanyaga ulimbo. Labda ni jasho sakafuni, akajisemea. Akangoja hatua ya pili. Mguu ukaburuta tena.

Akarusha taulo ulingoni; pambano likaishia hapo.

Ukumbi ukaporomosha matusi. Binti akamjia kwenye kona, glavu bado mikononi.

"Ba'mkubwa, umefanya nini?"

"Mguu wako, mwanangu."

"Mguu una nini? Hebu tazama."

Akatazama. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka, kiatu kimelegea.

Hata hivyo alimsihi waende hospitali, akamsihi mpaka watu wakaona haya kwa niaba yake. Picha ya kichwa ilitoka safi.

"Hana kitu, mzee," daktari alisema.

"Na kama ningemwacha aendelee?"

"Hilo siwezi kukwambia. Hakuna awezaye."

Kwenye korido binti alisimama mbali naye. Hasira zilikwisha, na hilo lilimtisha mzee zaidi. "Miaka yote hii," alisema taratibu, "ulikuwa unamfunza baba. Mimi hukuniona hata siku moja." Akaondoka zake.

Mzee alirudi nyumbani, akakoroga uji, akakaa kitandani kwa mdogo wake. "Binti yako kapigwa leo," alimwambia. "Nimempiga mimi." Mdogo mtu akafumbua kinywa kupokea kijiko.

Kesho yake aliwakusanya mabondia wake, akawaambia watafute mwalimu mwingine, yeye hana tena la kufundisha. Mmoja akacheka, akidhani ni utani. Mzee alipopanda kigoda na kuanza kufungua kamba za magunia ya kupigia ngumi, wote wakasogea kumsaidia kuyapokea.