Chumvi ya Vidole Vitatu

"Bi mkubwa, nifungulie. Mtoto amelegea."

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wangu, mkono juu ya komeo, na sikufungua.

Mvua zilikuwa zimechoka kunyesha, ila maji yalikuwa hayajashuka. Yalikuwa yameuzunguka uwanja wetu pande tatu, na bata walikuwa wakiogelea pale tulipozoea kuanika mpunga. Tangu kulipopambazuka nilikuwa namsikia Golapi akitoka na kuingia, akisuuza vitambaa vya mtoto ukingoni mwa bwawa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Ilipofika ya saba nilijua maana yake ni nini. Nilijua kwa kuwa katika uwanja ule mzima ni mimi peke yangu niliyefundishwa. Au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Golapi alikuwa mke mwenzangu. Torab Ali, mume wetu, alinipa habari zake siku moja nikiwa napara samaki.

"Momena," akasema, "nyumba inataka mtoto."

"Na mimi pia namtaka," nikamjibu. Miaka tisa nilikuwa nimemtaka.

"Basi tumekubaliana," akasema, akachukua mwavuli wake akaondoka.

Mwezi haukuisha, Golapi akashuka kwenye mtumbwi na sari nyekundu, binti wa mgema mitende wa upande wa Faridpur, na vyungu vinne vya sukari guru alivyopewa na baba yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi ishirini na saba, na siku ile nilijiona nina sabini. Harufu ya ile sukari ilitanda uwanjani kama mgeni asiyeaga. Torab Ali, ambaye kwangu hajapata kuomba kuongezwa wali, kwake alikuwa akiomba mara mbili, na mimi jikoni kwangu nilisikia kila kijiko.

Nina kitendawili nilichokitunga miaka hiyo, sikumtegea mtu: namla kutwa hanishibishi, ananila kutwa ashibe. Ni wivu. Nilijua sauti ya kikohozi cha mume wangu kikitoka nyumba yangu na kikitoka nyumba ya pili. Nilipima kamba ya nguo ilivyogawanywa, sari zake ngapi, zangu ngapi. Siku moja Golapi alipika samaki mkubwa, na kichwa, ambacho kwetu hupewa anayeheshimiwa, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, dada," akasema.

Nikampa paka. Nilihakikisha anaona.

Halafu akazaa, tena mtoto wa kiume, Badol. Sikumbeba. Watu wakisema ana pua ya baba yake, nilikuwa nakumbuka nina nguo za kuanua.

Badol alikuwa na miezi kumi alipokuja Mwalimu Nilufa. Alikuja kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini, mkoba begani. Wanawake kama yeye walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba siku hizo, wakifundisha maji ya kumnywesha mtoto anayehara. Sisi tulikuwa na yetu: mtoto tumbo likimwendesha, tulimnyima maji. Tulisema kinachovuja hakijazwi. Tumewazika wengi kwa msemo huo.

Alikaa kwenye mkeka wangu akafungua daftari.

"Wanawake wa hapa ni wangapi, dada?"

"Mmoja," nikasema. "Ni mimi."

Ng'ambo ya ukuta wa mabua ya juti, hatua tatu kutoka tulipokaa, Golapi alikuwa akinyonyesha. Badol akatoa sauti.

"Na hicho kinacholia?"

"Mwanambuzi," nikasema.

Mwalimu akaniangalia, akaandika. Ukuta ukanyamaza kabisa.

Akanifundisha. Alikuwa na chombo chake cha kupimia, akamimina maji ya nusu seri, karibu nusu lita, kwenye chungu changu, akachora mstari kwa msumari pale maji yalipofika. Kisha chumvi: vidole vitatu, kidole gumba na viwili, ibanwe mpaka mstari wa kwanza wa kidole, usizidi. Kisha sukari guru, konzi moja ya vidole vinne. Koroga. Halafu onja, kabla mtoto hajaonja. Isiwe na chumvi kushinda machozi. Ikizidi machozi, mwaga, anza upya, maana chumvi ikizidi inaua.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Nikakosea vidole, akanipiga mkono taratibu kama anafukuza inzi. Nikarudia tena, tena, na tena, mpaka jua likahama mkekani.

"Umepita," akasema.

Niliacha shule darasa la tatu, mama yangu alipougua. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimepita kitu. Alipoondoka nilikaa nikiutazama ule mstari kwenye chungu. Nikajisemea: haya, Golapi ana mtoto, na mimi nina maji. Siku moja atakuja mlangoni kwangu.

Na siku ile ya mafuriko alikuwa amekuja.

"Bi mkubwa," akaita tena. Hakupiga kelele. "Macho yake yamezama."

Muda nilioushika mlango si mrefu. Mtu angeweza kumenya kitunguu kimoja. Lakini ndani ya muda ule niliwaza jambo ambalo naliandika leo kwa kuwa Mungu analijua tayari: niliwaza kwamba akifa, tutakuwa sawa.

Wazo lilipita kama nyoka anavyovuka njia, hukumwita na huwezi kusema hukumwona. Nikafungua.

Badol alikuwa ubavuni kwa mama yake, kichwa kimelala kama ua la jana. Nilimfinya ngozi ya tumbo kama nilivyofundishwa. Ikabaki imesimama, haikurudi. Hapo miguu yangu ikapata akili kabla ya kichwa.

"Kalete sukari guru," nikamwambia. "Mpe huku huyo mtoto. Kimbia!"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumbeba. Alikuwa mwepesi kuliko kikapu kitupu.

Golapi aliporudi na kipande cha sukari, nilikichukua, nikamrudishia mtoto, nikamwambia, "Geuka uangalie bwawa." Akageuka. Hata wakati ule! Hata mtoto akiwa vile, sikutaka aone vidole vyangu. Niliupa mgongo mlango, nikajaza maji mpaka mstarini, nikabana chumvi, nikakata konzi, nikakoroga, nikaonja. Machozi hasa.

Tukaanza. Kijiko kimoja, subiri. Akatapika. Kijiko kingine, subiri zaidi. Golapi alimshika kichwa na mimi nilishika kijiko, magoti yetu yakigusana. Torab Ali alikuja mara moja akasimama mlangoni, akauliza, "Mnampa maji?" kama mtu aliyekuta tunampa moto.

"Nenda kaangalie ng'ombe," tukamwambia, wote wawili kwa pamoja. Akaenda.

Adhuhuri ikapita. Nikachanganya chungu cha pili. Kabla ya alasiri Badol alilia, na machozi yakatoka, halafu akanikojolea sari yote mpaka miguuni. Sijawahi kuoga maji matamu kama yale. Nilicheka mpaka Golapi akaanza kulia.

Mwaka jana Shiuli, binti wa Badol, anayesomea viumbe hai huko Dhaka, alikuja likizo, nikamuuliza jambo lililonisumbua miaka arobaini: kwa nini chumvi na sukari? Kwa nini si moja tu? Akacheka, akasema nimeuliza swali la darasani kwao. Kisha akanieleza vizuri. Ukuta wa utumbo, alisema, umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina ngozi yake. Katika ngozi hiyo wamekaa mabawabu. Ni protini, alisema, kitu kilekile kilichomo kwenye dengu na samaki, lakini hizi zimekunjwa kuwa walinzi wa mlango. Kuna bawabu mmoja mwenye tabia yake. Chumvi ikija peke yake, hageuki. Sukari ikija peke yake, hageuki. Zikifika pamoja zikamshika huku na huku, anajipindua na kuziingiza zote mbili, na maji yanafuata nyuma yao. Na hata mtoto anapoharisha mpaka kila kitu tumboni kimevurugika, bawabu huyo haachi kazi.

Nikamtegea papo hapo: "Mlango wangu, akibisha mmoja ni ukuta, wakibisha mahasimu wawili ni mlango."

"Bibi mkubwa!" akapiga makofi. "Ningeandika hilo kwenye mtihani! Ila kwa nini mahasimu?"

Nikamwambia ale wali, unapoa.

Lakini nilikuwa sijamaliza habari ya mwaka ule. Baada ya Badol kupona, nilitembea uwanjani kama mwenye funguo za ghala. Sikumfundisha Golapi. Alipouliza mara moja tu, "Dada, ulitia nini?" nikasema, "Dawa." Nilitaka kila tumbo la mtoto wake lipitie kwangu. Wivu ulikuwa haujaondoka. Ulikuwa umepata kazi.

Wiki tatu baadaye akaja mkaguzi. Mwanamke mnene mwenye miwani, si wa utani. Kazi yake ilikuwa kufuata nyuma ya walimu na kupima kama wanawake wanakumbuka. Nikamjibu yote bila kukwama. Akaitikia kwa kichwa, akageuza ukurasa, na wakati uleule Golapi akatokea nyuma ya nyumba na Badol ubavuni, ndoo mkononi.

Mkaguzi akatazama daftari, akamtazama Golapi, akatazama daftari tena.

"Hapa imeandikwa mwanamke mmoja."

Mwalimu Nilufa angeambiwa ameruka mtu, angeonekana mvivu. Na mimi ningeonekana nilivyo.

"Nilikuwa kwetu, Faridpur," Golapi akasema, huku akitua ndoo. "Nilikwenda kumwonyesha mama yangu mtoto."

Uongo mtupu, tena bila kupepesa.

"Basi wewe hukufundishwa," mkaguzi akasema.

"Nimefundishwa."

"Nionyeshe."

Akampa Badol kwangu. Akaenda nyumbani kwake, akarudi na chungu chake. Nilipokiona nusura nimwangushe mtoto: kilikuwa na mstari, umechorwa kwa ncha ya kisu, umepinda kidogo. Akajaza maji. Akabana chumvi kwa vidole vitatu mpaka mstari wa kwanza, akapangusa iliyozidi kwa kidole cha mkono wa pili, kitu ambacho hata mimi nilikuwa nasahau. Konzi. Akakoroga. Akaonja, akafumba macho kidogo, akampa mkaguzi.

"Nani alikufundisha?"

"Bi mkubwa wangu," Golapi akasema.

Mkaguzi akanigeukia na uso uliolainika. "Wangekuwa wote kama wewe, dada, sisi tungelala nyumbani." Akaandika jambo refu juu yangu, kalamu ikikwaruza, na kila neno alilonisifia lilinichoma mahali pake.

Alipokwisha kupotea njiani kati ya miti ya ndizi nikamshika Golapi mkono.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya mwanambuzi," akasema. Hakutabasamu. "Ukuta ule una matundu, dada. Nilichungulia mwanzo mpaka mwisho."

"Siku Badol alipoumwa ulijua?"

"Nilikuwa nimeshachanganya. Chungu kilikuwa ndani, nimekifunika. Niliposimama mlangoni kwako nilikuwa nahesabu. Nilijiambia ikifika mia hujafungua, narudi nampa mwenyewe."

"Ulifika ngapi?"

"Sitini na kitu."

Kuku walikuwa wakichokora chini ya stoo ya mpunga. Badol alikuwa amelishika sikio langu analivuta. Niliuliza huku nikiogopa jibu: "Basi ulikuja kutafuta nini kwangu?"

Golapi akainama akaokota ndoo yake.

"Mtoto huyu ana mwaka kasoro," akasema, "na wewe ulikuwa hujawahi kumbeba."

Akaenda kuteka maji.

Hapo ndipo wivu uliponishika kuliko siku zote za sari nyekundu na za kikohozi cha usiku. Kunizidi ujana, sawa. Kunizidi mtoto, sawa, Mungu ndiye mgawaji. Lakini alikuwa amenizidi na moyo pia, na kwa hilo sikuwa na wa kumlaumu. Nilimpeleka Badol kwenye mkeka, nikachukua masufuria masafi nikaenda bwawani nikayasugua kwa majivu upya, yote, moja baada ya jingine, kwa hasira, mpaka nikajiona usoni mwayo.

Alipopakua aliniita, "Dada, chakula." Nikaendelea kusugua. Akaita tena. Mara ya tatu nikaitika.