Uso wa Chipu ya Moja

Saa tatu asubuhi ya Jumatatu mchongaji alikuwa ameshafagia unga wa chuma mezani kwake, amepanga tindo zake kuanzia nene hadi nyembamba, na anamsubiri mteja. Karakana yao ilitengeneza mihuri, medali, vikombe vya washindi na, kwa wenye uwezo, seti za chipu za pokeri, vile visahani vya mviringo ambavyo wacheza karata huviweka mezani badala ya pesa. Mteja wa siku hiyo alikuwa na kiwanda cha magodoro. Watu walimwita Bwana Magodoro, isipokuwa mbele yake, ambapo walimwita Bosi.

Chipu kubwa alikuwa ameshazichagua, na zilishatengenezwa. Ya elfu ilikuwa na kiwanda chake, ya mia tano gari lake, ya mia moja geti la nyumba yake. Hizo ni chache katika seti, kwa hiyo hazikuleta shida. Gari lilipungua uzito kidogo likaanza kurukaruka kwenye kona. Dereva akatia mfuko wa saruji kwenye buti, mambo yakaisha.

Chipu huchukua uzito wake kutoka kwenye kile kilichochongwa juu yake. Kila fundi wa kazi hiyo analijua hilo, na mteja huelezwa kabla hajatoa malipo ya awali. Chipu moja ina gramu kumi na nne, lakini kilichochongwa hupoteza gramu mia mbili. Gramu zinazobaki hakuna anayejua zinakokwenda, na mwenye karakana aliziita gharama za uendeshaji. Kwa sababu hiyo wanaumiza kichwa kwenye chipu ndogo, ya moja na ya tano, ambazo ndizo hutengenezwa kwa wingi. Mchongaji wa zamani aliwahi kuwakubalia walimu fulani waweke kengele ya shule yao kwenye chipu mia mbili za moja. Kengele hiyo ya kilo arobaini haikubakiwa na kilo hata moja. Mpaka leo imefungwa kamba kwa chini, na mwalimu wa zamu huivuta kwanza ishuke ndipo aigonge. Tangu siku hiyo, karakana ilichonga mlima kwenye chipu ndogo. Mlima ulio nyuma ya mji ulishatoa uzito kwa seti thelathini na haukuwahi kulalamika.

"Mlima kila mtu anao," alisema Bwana Magodoro. Alikaa, na kiti kikalia, maana alikuwa mtu wa kilo tisini na kitu. Alitoa bahasha, akapanga mezani picha tatu ndogo, za zile zinazobandikwa kwenye kitambulisho cha kazi. "Hawa ni watu wangu wa nyumbani. Dobi, mpishi, mlinzi wa getini. Nataka mmoja wao. Kwenye ya moja aangalie kushoto, kwenye ya tano aangalie kulia. Wageni wangu watacheka mpaka walie."

"Yupi, Bosi?" mchongaji aliuliza.

"Chagua mwenyewe. Kwangu mimi wote ni sawa."

Picha ya juu ilikuwa ya mama yake mchongaji. Bwana Magodoro hakujua kama dobi wake ana mtoto, na mchongaji hakumwambia. Alipiga hesabu kichwani: mia mbili za moja, mia moja za tano, gramu mia mbili kila moja. Kilo sitini. Mama yake alikuwa na kilo hamsini na mbili, na hapo ni baada ya kula.

"Bosi, kilo sitini ni nyingi kwa mtu mmoja."

"Kuna watu wanalipa hela nyingi ili wapungue, mimi nawapunguzia bure. Halafu mtu mwepesi anapanda ngazi haraka." Alisimama. "Alhamisi nakuja kuona sampuli. Jumamosi nina wageni. Ukishindwa kuchagua, tutaweka huyo wa juu, tusipotezeane muda."

Alipotoka, mchongaji alimtazama mwenye karakana, mzee mpole aliyekuwa akipangusa mashine mpya ya kugandamizia chipu. Alikuwa ameinunua kwa malipo ya awali ya kazi hiyo hiyo. Aliendelea kuipangusa mahali ambapo palishang'aa.

"Binti, mimi sisemi kitu," alisema. "Wewe ndiye mwenye tindo."

Jioni hiyo alimkuta mama yake ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Alimweleza yote, kuanzia picha mpaka kilo. Mama alisikiliza huku akikunja vidole vya miguu ndani ya maji.

"Mpishi usimweke," alisema hatimaye. "Anasimama karibu na moto. Mtu mwepesi na moto wapi na wapi."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi ana watoto watatu wadogo, na pale getini upepo hauna adabu. Akipeperuka, nani atamwona? Niweke mimi, mwanangu. Mimi siku nzima niko kwenye kamba za nguo, sikosi pa kushika."

"Mama!"

"Nini sasa? Nitavaa viatu vya marehemu baba yako, vile vya mvua. Vizito vile." Akatoa mguu mmoja, akaukausha taratibu kwa kanga ya zamani. "Usinune. Nimesema tu kama umekwama."

Mchongaji hakulala vizuri. Aliogopa, na aliona aibu kwamba mama yake alishaanza kufikiria viatu.

Jumanne alichonga uso usio wa mtu yeyote. Alichukua pua huku, kidevu kule, akaunganisha kwenye kalibu ya chuma na kugandamiza chipu moja ya majaribio. Ilitoka nyepesi mno. Feni iliipeperusha kutoka kwenye mizani ikaenda kunasa kwenye pazia, na wakaiacha hapohapo. Jumatano asubuhi alijaribu mtu aliyemkumbuka kutoka foleni ya benki, lakini mkono ulimgoma katikati ya shavu, kwa kuwa yule naye ni mama au baba wa mtu. Saa sita mchana alikuwa na kalibu mbili zilizoharibika, jasho mgongoni, na ile picha ya juu ikimwangalia.

Hapo ndipo alipopiga moyo konde. Alichukua chuma kipya, akachonga kofia ya mlinzi, ukingo wake, nembo yake ya mbele, kola ya sare na kifungo. Chini ya kofia alichonga uso aliokaa nao ana kwa ana Jumatatu asubuhi: shavu lililojaa, kovu dogo juu ya jicho, mdomo wa chini uliotangulia wa juu. Hakuhitaji picha. Alichonga wa kushoto, kisha wa kulia, na alipoinua kichwa jua lilikuwa linazama na mwenye karakana amesimama nyuma yake. Mzee aliutazama uso ule kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye kopo la skrubu na kuanza kuzihesabu, ingawa hakuna aliyezihitaji.

Alhamisi Bwana Magodoro alikuja na lenzi yake mwenyewe. Alikaa, kiti kikalia. Mchongaji aliweka kalibu mbili mbele yake.

Mteja aliinama. Alitazama kofia. Alishuka kwenye jicho, akakaa kwenye kovu. Skrubu zilisikika zikidondoka kwenye kopo, moja moja, kisha zikaacha.

"Huyu ni nani?"

"Mlinzi wako, Bosi," alisema mchongaji.

"Mlinzi wangu?" Aliigeuza kalibu kwenye mwanga wa dirisha, akasogeza lenzi, akairudisha. Kovu lake la juu ya jicho lilikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye lile la chuma. "Mbona ana dharau hivi?"

"Ndivyo alivyo, Bosi."

"Sijawahi kumtazama vizuri." Alizidi kuinama. "Ana macho ya tamaa. Na huu mdomo, ni wa mtu aliyezoea kula vya wenzake. Angalia! Miaka tisa ananifungulia geti." Alicheka, akaweka lenzi mfukoni. "Safi sana. Huyu huyu. Gandamiza niione."

Mwenye karakana aliwasha mashine mwenyewe. Chipu ya kwanza ilitoka ikiwa ya moto, wakaiweka kwenye mizani, ikasoma gramu kumi na nne kamili. Bwana Magodoro aliirusha juu na kuidaka, akasema hiyo ndiyo chipu, imejaa mkononi. Aliposimama kuondoka, kiti kililia kidogo chini ya kawaida.

Mpaka Ijumaa saa kumi walikuwa wamemaliza zote mia tatu. Mchongaji aliimba akizipanga kwenye sanduku. Nyumbani, mama yake alivirudisha viatu vya mvua juu ya kabati bila kuuliza kitu, akampakulia sehemu kubwa.

Jumamosi wageni walicheza. Kila mmoja wao aliona uso wa nani uko kwenye chipu ya moja, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekaa palepale, wakaweza kulinganisha. Hakuna aliyesema. Watu wanaokaribishwa kwenye meza ile hawakaribishwi kwa kusema.

Wiki iliyofuata Bwana Magodoro alirudi karakanani kwa miguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Magoti yalikuwa yameacha kumsumbua. Alimsifu daktari wake. Aliagiza seti mbili zaidi za kuwazawadia marafiki, na chipu ndogo ziwe zilezile, za mlinzi mwenye dharau. Mchongaji alijua hesabu. Kalibu zilikuwepo, mashine ilikuwepo. Kusema kweli, alifurahi.

Seti ya pili ilipofika kwenye chipu ya mia na themanini na kitu, Bwana Magodoro aliinuka kutoka kwenye kiti cha kiwandani kwake bila kukusudia. Walimteremsha kwa ufagio. Seti ya tatu ilipokamilika, ikawa lazima afungwe kamba. Daktari aliandika kwenye faili kwamba uzito umeshuka, akashauri asikae karibu na madirisha. Wafanyakazi wa kiwandani walizoea baada ya siku mbili. Alitoa maagizo akiwa juu, na ilionekana kwamba kutoka kule anawaona wote kwa wakati mmoja, akaongeza kasi ya kazi.

Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu wa kushika kamba. Mlinzi alihitajika getini, mpishi jikoni. Wakaona dobi ndiye aliyezoea kamba.

Mchongaji aliliona hilo kwa macho yake siku Bwana Magodoro alipokuja kuagiza seti ya nne. Ilikuwa adhuhuri yenye upepo. Mteja aliingia kwanza, suti imepigwa pasi vizuri, akaelea mpaka akagusa dari karibu na taa. Nyuma yake kamba ya kuanikia nguo ilipita mlangoni na kushuka mpaka kwenye mkono wa mama yake, aliyebaki nje kwenye ngazi kwa sababu viatu vyake vilikuwa na matope. Mifuko ya aproni yake ilikuwa imetuna.

"Mama, mfukoni kuna nini?"

"Matofali. Mawili mawili. Upepo ukizidi, mimi peke yangu sitoshi." Alijikuna shingo kwa mkono usio na kamba. "Alfajiri nafua, wakiamka nashika. Mshahara ni uleule, lakini natembea mjini."

Kamba ilikuwa imemchora alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono. Mchongaji alitoka hadi kwenye ngazi, akamwinamia mama yake sikioni. Nje hapakuwa na dari, na mama angehitaji kurudi nyuma hatua tatu tu ili kamba imtoe Bosi mlangoni.

"Mama, akitoka hapa, mwachie."

Mama alimtazama binti yake, kisha akatazama kamba inavyopanda. Upepo ulivuta, akapiga hatua moja mbele, matofali yakagongana. Akajizungushia kamba mkononi mara moja zaidi.

"Nikimwachia, mwanangu, kesho niamkie kazi ya nani?"

Kutoka darini Bwana Magodoro aliuliza kama kuna mtu anayemsikiliza huko chini. Alitaka chipu za moja mia tatu safari hii, zenye uso uleule, na ziwe nzito mkononi. Mchongaji alirudi mezani akaandika oda. Mama akashika kamba vizuri kwa mikono miwili, akakaa kwenye ngazi kuwasubiri.