Neno la Magogo

Kule Mnazi alikozaliwa Yusta, mtu unamwona kwanza, halafu ndiyo unamsikia. Huku juu Mgwashi alikoolewa ni kinyume. Ukungu ukishuka unasikia kikohozi, unasikia ndoo, unasikia mtu anakupa shikamoo, na bado hujui ni nani. Kwa hiyo Yusta alijifunza kusikiliza. Sauti aliyoijua kuliko zote mlimani pale ilikuwa tusi.

Tusi lenyewe halitamkiki mbele ya watu. Linaanzia kwa mama na kuishia kwa mama. Shemeji yake Tobia alilipiga kutoka juu msituni kila gogo la mkaratusi lilipokuwa tayari kushuka. Chini barabarani, Anord mumewe, aliyekuwa akipokea magogo na kuyapanga, alilirudisha vilevile lilivyo, kama njia iko wazi. Hapo ndipo Tobia alipogonga kigingi kilicholizuia kitoke, na gogo likateleza kwenye mfereji wake, likapita kando ya chemchemi ya wanawake kwa ngurumo, likatua barabarani. Tusi lisiporudi, gogo haliondoki.

Jirani yao Sesilia alikuwa akicheka mpaka anatua ndoo. "Wanatukanana mama, na mama ni mmoja! Mama Tobia, leo wameshakufikia?"

Mama Tobia hakucheka. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele na kuomba. Jioni moja akawaita wanawe wote wawili jikoni.

"Mimi niliyewazaa, ndiyo mnanitangaza mlima mzima?"

"Mama, lile ni neno la kazi tu," Tobia alisema. "Halina mama ndani."

"Halina mama? Haya, litamke hapa tumtafute aliyemo."

Tobia akakuna kichwa.

"Tulipewa na marehemu baba," Anord akasema kwa upole. "Alituambia, ukiita 'haya' kuna mtu anaswaga mbuzi atajibu 'haya'. Ila lile, nani atalitamka kwa bahati mbaya?"

"Baba yenu amekwenda nalo. Liacheni huko huko aliko." Akaingia Kishambaa, kama kawaida yake akikasirika, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili hata mkamwana asikie vizuri. "Kuanzia kesho, wa juu aite Bwana asifiwe, wa chini aitikie Amina. Atakayelitamka lile tena masikioni mwangu, radhi yangu hana. Na siku nikifa asishike jembe kwenye kaburi langu."

Yusta alikuwa anasonga ugali. Hakuinua macho, lakini mwiko ulisimama.

Mlima ukawa mlima wa ibada. Wapita njia walisifu, wengine wakasema hata mvua mwaka ule itakuwa ya baraka. Yusta yeye alisikiliza.

Siku moja alikuwa chemchemini na mama mkwe. "Bwana asifiwe!" ikaja kutoka juu. Mama Tobia, ameinama anachota, akaitikia kama alivyoitikia maisha yake yote: "Amina!"

Kigingi kikalia. Gogo likapita.

"Tobia!" Anord alipiga kelele kule chini. "Nani kakujibu?"

"Si wewe?"

Yusta alingoja ndoo ijae. "Mama, samahani. Ile Amina ilikuwa yako."

"Ilikuwa ya Bwana."

"Shemeji ameifuata, mama."

"Sasa unataka Bwana asifiwe, mimi ninyamaze kama jiwe?"

Nyumbani alimweleza mumewe. Anord akacheka, "Wewe unaogopa Amina?" Lakini kicheko chake hakikufika mbali. "Mimi ninachoogopa, siku hizi hata sauti ya Tobia siisikii. Kila anayepita anasema Bwana asifiwe. Sikio limeshaizoea, kama mvua kwenye bati."

Halafu ikaja ile asubuhi ambayo ukungu ulilala chini hata ukitua ndoo unaipapasa. Gogo moja lilikuwa limekwama mferejini, chini kidogo ya chemchemi, na Anord alikuwa amepanda kulikwamua kwa mtaimbo. Yusta na mama mkwe walimsikia bila kumwona. Ko. Ko. Ko.

"Bwana asifiweee!"

Mama Tobia akafungua kinywa. Yusta akamshika mkono, akaubana. Mama Tobia akautazama ule mkono, mkono wa mkamwana uliomkamata kama mtoto, kisha akasikia mtaimbo, akaelewa. Akafumba kinywa.

Yusta hajamaliza hata kushusha pumzi, na kwenye njia ya juu, ndani ya ukungu, Sesilia anakuja na ndoo yake, roho yake nyeupe:

"Amina!"

Kigingi kikalia.

"Toka! Toka!" Yusta akapiga kelele.

Ko. Ko. Mtaimbo haukusita; wanawake kutwa nzima wanaita toka, wanafukuza mbuzi kwenye maharage. Ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo. Yusta akamtazama mama mkwe mara moja, machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Kisha akageukia bondeni, akajaza kifua, akalipiga. Lote. Toka kwa mama mpaka kwa mama.

Mtaimbo ukanyamaza.

Gogo likapita kando yao kama nyumba inayokimbia. Upepo wake ukawarushia matope usoni. Chini kukalia mti kwa mti, mlio mmoja mkavu, halafu hakuna kitu. Hata ndege hakuna.

Sesilia akatokeza, amekumbatia ndoo. "Yusta? Ni wewe uliyesema vile? Mbele ya mama?"

Yusta alikuwa anasikiliza. Radhi ameshaikosa, hilo alilijua. Sasa alitaka kujua kama ameikosa bure.

Ukungu ulikaa kimya. Ukakaa.

Ndipo kutoka chini, kando kabisa ya mfereji, kwa sauti iliyokauka, Anord akalirudisha. Lote, vilevile lilivyo.

Mama Tobia akaketi kwenye tope. Akavuta kanga yake, akajiziba kinywa, akaikaza kwa mikono miwili ili neno lake lisipenye hata kidogo likapanda kwa Tobia.

"Amina," akasema ndani ya kanga.