Wageni Wasimame

Odile alimfundisha Kaswera kanisa kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia ya mtoni: hapa pinda, hapa pana utelezi. Walikuwa jikoni kwa Zaina, Jumamosi alasiri, wanawake watatu na sufuria moja ya pondu, majani ya muhogo, ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

"Unaikala ku upande ya bamama," alisema Odile. "Bakisimama, simama. Bakiikala, ikala. Maji ya baraka ku mulango haiko, usitafute. Ile ingine yote iko karibu na misa yenu, utashangaa."

Kaswera aliitikia kwa kichwa. Alikuwa Mkatoliki tangu tumboni mwa mama yake, mfanyabiashara wa chumvi na vitenge kutoka Butembo, na maishani mwake hakuwahi kuingia katika kanisa la Walutheri hata kwa kukimbia mvua.

"Mwisho, mbele ya baraka, pasteur anaita bageni. Bageni banasimama, kila mutu anasema jina yake na kwenye anatoka. Njo pale utaomba mutoto."

"Siwezi kumuona pasteur pembeni?"

"Hapana, mama. Tulikatala mambo ya pembeni."

Walikuwa na sababu. Zile siku sita za Juni, majeshi mawili ya kigeni yalipopigania mji usio wao, watu wa mtaa wa Kabondo walikimbilia msitu wa Masako, na waliporudi, watoto tisa walitoka msituni bila wazazi, Annette wa Kaswera akiwa mmoja wao. Kanisa likawapokea. Wiki ya kwanza akaja bwana mmoja aliyejiita mjomba, akapewa mvulana kwa mlango wa nyuma. Siku tatu baadaye mjomba wa kweli akafika. Tangu hapo waumini waliapa kwamba mtoto ataombwa mbele ya watu wote, na jina la mwombaji lazima lifanane na lile alilolitaja mtoto mwenyewe. Watoto ambao wangebaki hadi Jumatatu wangevushwa mto, kisha kupandishwa ndege kwenda mji ambao hata Odile hakuujua.

"Na nikisema Mama Feruzi wa Kindu?"

Hilo ndilo jina alilokuwa akilitumia mafichoni, nyumbani kwa Zaina. Zaina, Mwislamu wa hukohuko Maniema, alikuwa amewaambia majirani wote kwamba huyu ni binamu yake, na majirani walikubali kwa sababu hakuna aliyependa kumuuliza Zaina jambo mara mbili.

"Annette alisema mama yake ni Kaswera wa Butembo," Odile akajibu. "Ukisema ingine, pasteur atakupa pole, na utaikala."

Zaina alivua kilemba chake, akamfunga Kaswera kichwani na kukaza fundo. "Butembo," alisema polepole. "Na ule kamanda anasali kulekule."

Watu wa Butembo walikuwa wakiitwa macho ya jeshi lililopigwa, na kamanda, mmoja wa waasi waliobaki na mji, ndiye aliyemchukua Elisée, mdogo wake Kaswera, kwa kosa la kuwa na fonia, redio ya upepo ya kuulizia bei. Siku ile Kaswera alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao. Kupitia ufa aliona saa ya dhahabu iliyovaliwa mkono wa kulia. Alimsikia kamanda akiuliza kama kuna mtu mwingine humo ndani, akamsikia Elisée akijibu kwamba hakuna. Naye Kaswera aliuma kitenge chake akanyamaza. Tangu siku ile alijichukia, na alijichukia zaidi kila alipoitika jina la Feruzi.

Jumapili asubuhi baiskeli ya toleka, ya kubeba abiria kwa malipo, ilimshusha mbele ya kanisa dogo la matofali. Vipande vya mabomu vilikuwa vimetoboa mabati, na jua lilipita humo likamwaga madoa meupe sakafuni na juu ya vilemba vya akina mama. Aliketi benchi la tano, upande wa wanawake, kando ya Odile. Watoto hawakuonekana. Walikuwa katika banda la nyuma na Florentine, mke wa mchungaji, hadi mtu awaombe.

Odile alikuwa amesema kweli. Walisimama, wakaketi, wakaungama, wakaimba kwa sauti nne bila kinanda, na Kaswera alijikuta akijua karibu kila pahali pa kuinamisha kichwa. Alianza kupumua. Ndipo mlango ulipofunguliwa na kamanda akaingia na askari wawili, wakaketi benchi la tatu upande wa wanaume. Bunduki waliziweka chini ya benchi kama watu wanavyoweka miavuli. Saa ilikuwa palepale mkononi.

Mahubiri yalipita, hakusikia neno. Alikuwa akikitazama kidoa cha jua kikitambaa juu ya magoti yake, akipanga uongo. Angesema Feruzi. Kisha angembembeleza mchungaji, angepiga magoti, angelia, watu huwaonea huruma wanaolia.

Ikaja sala ya Bwana. Hii aliijua hata usingizini, na majuma hayo ya kujificha alikuwa ameisali kwa rozari mara elfu, kwa kunong'ona, akimaliza haraka kabla hatua za mtu hazijafika mlangoni. Sasa, kati ya watu wengi wanaosali kwa sauti, ulimi wake ulifarijika ukajiachia. Alifika mwisho alioujua yeye, akasema "Amina."

Aliisema peke yake. Waumini wote walikuwa wakiendelea na maneno ya ufalme na nguvu, na Amina yake ilikuwa imeanguka katikati yao peke yake. Vichwa viligeuka. Cha kamanda pia kiligeuka, na macho yake yakabaki juu ya kilemba cha Zaina hadi sala ilipokwisha.

"Wageni wasimame," alisema mchungaji, Pasteur Héritier, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Alisimama mzee mmoja, akasema ametoka Ubundu. Watu wakapiga makofi matatu, wakasema karibu. Kisha kanisa likamtazama yeye, kwa kuwa sasa kila mtu alijua kwamba yeye ni mgeni.

Alisimama. Akashika benchi la mbele. Jina la Feruzi lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, la kuokoa maisha. Lakini huko nyuma ya ukuta kulikuwa na mtoto wa miaka saba aliyeulizwa na watu asiowajua, akataja jina la mama yake bila kuficha. Kaswera alikwisha kukaa kimya mara moja nyuma ya ukuta, na alijua ladha yake.

"Jina yangu ni Kaswera," alisema. "Natoka Butembo. Niko mama ya Annette."

Makofi hayakuja. Pasteur alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha yeye mwenyewe akapiga makofi, matatu, polepole, na akina mama wakafuata.

"Karibu, Mama Kaswera," alisema. "Jina ni hilo."

Baada ya baraka alielewa jambo ambalo Odile hakulisema. Katika kanisa lile wageni hutoka kwanza pamoja na mchungaji, husimama mlangoni, na kila atokaye huwapa mkono, kisha hujiunga na mstari kupokea mikono ya wanaofuata, wakiimba, hadi kila mtu amemshika mkono kila mtu. Hapakuwa na namna ya kuondoka. Aliwekwa pale, juani, aonekane na wote.

Odile alitoka kati ya wa kwanza, na akina mama wengi nyuma yake. Kisha saa ya dhahabu ikaja mbele ya macho yake, na mkono mkavu ukaushika wake.

"Butembo," alisema kamanda taratibu. "Elisée wa fonia ni nani kwako?"

"Ni ndugu yangu. Baba moja, mama moja." Aliogopa mno hata woga ukakosa pa kukaa. "Iko muzima?"

Nyuma ya kamanda Papa Edouard, mzee wa kanisa, alikuwa tayari amenyoosha mkono. "Kamanda, tusonge, jua iko kali."

Akasonga. Mkono wake ulipokelewa na Odile kwa mikono miwili, naye akamuuliza habari za mama yake mzazi, za afya, za usingizi. Aliyefuata akamshika vilevile, akauliza yaleyale. Mbele yake walikuwa wamesimama akina mama arobaini, na hakuna aliyeonyesha haraka.

Ndipo Florentine alipotokea pembeni ya banda na watoto wake wa msituni, wamechanwa nywele, wamefundishwa. Walipita mlangoni mmoja mmoja, wakitoa mkono. Wa nne alikuwa amekonda, na gauni halikuwa lake.

"Karibu, mama mugeni," alisema Annette, kama alivyofundishwa, akitazama chini.

Kisha aliutambua mkono. Hakupaza sauti wala hakulia. Hakuuachia tu, na watoto waliokuwa nyuma yake wakasimama wakingoja, na wimbo ukaendelea. Kule mstarini kamanda alikuwa amefika kwa mama wa kumi na mbili, ambaye alikuwa akimuuliza, bila kumwachia, kama kwao watoto wote ni wazima.