Viatu vya Kitenge Juu ya Barafu

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Naanza na hilo, Mama Shalom, kabla hujalisema wewe, maana ukilisema wewe linakuwa refu.

Mwanga ulikuwa umelala juu ya ziwa. Haukuangaza, ulilala tu, kifudifudi, mwanga wa Februari usio na haraka, rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai. Ziwa lilikuwa limeganda na kunyamaza. Nyeupe juu ya nyeupe, na juu ya weupe wote huo, viatu thelathini na viwili vya kitenge.

Wewe ndiye uliyevishona. Mbwa wanane, miguu minne minne, mabaki ya sare za kwaya: kijani cha Pasaka, zambarau ya Krismasi, na kile cha njano chenye majogoo ambacho kwaya nzima ilikataa kukivaa mara ya pili. Ulipiga magoti kwenye theluji ukawavisha mmoja mmoja, ukiwasemesha polepole kama watu wanaopelekwa kuposa. Nami nilikuwa nyuma ya sleji, ule mkokoteni mrefu wa mbao usio na gurudumu hata moja, ndani ya sweta la sufu linalowasha kama uongo, nimesimama mahali pako.

Mahali pako. Hata sasa nikilitamka, neno hilo lina baridi.

Wasiotujua wajue hivi. Injinia Mugambi, Mkenya wa mtaa wa Kista, mtu wa kompyuta na miwani, aliokota kwenye duka la mitumba daftari la safari: nakala ya maandishi ya Waswidi walioondoka hapa Stockholm zaidi ya miaka mia iliyopita, wakaelekea kwenye ncha ya dunia kwa mbwa na mbao. Akalisoma na kamusi, akalisoma bila kamusi, akaacha kulala. Sasa anataka kuirudia safari ile. Mwezi wa tatu, kaskazini kabisa, wiki tatu, kila kitu kama zamani: sufu, biskuti ngumu, kamba za ngozi. Breki ya sleji aliing'oa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu daftari halitaji breki.

Wasafiri sita, linasema daftari. Watano alikuwa nao. Wa sita, kila mbwa alimjua.

Ni wewe, Célestine. Majira mawili ya baridi umekwenda kwenye banda lile nyuma ya msitu wa Tumba, samaki kwenye ndoo, uji kwenye sufuria, kuwalisha mbwa ambao mwenye banda amezeeka magoti. Mlango wa friji yetu una ramani ya kaskazini. Bugali ikichemka, kidole chako kinapanda mto, kinavuka mlima, kinapumzika mahali pasipo na jina. Shalom anakucheka kwa Kiswidi, unamjibu kwa Kiswahili, na ramani inasikia lugha zote mbili na haisemi kitu. Miaka ishirini nimekujua, sijakuona ukitaka jambo namna hiyo. Hukulitaka kwa kelele. Ulilitaka kama udongo unavyotaka maji.

Halafu Jumapili, baada ya ibada, Injinia akapiga simu. Hakukuomba wewe. Aliniomba mimi.

"Bwana Urbain, imeandikwa wanaume sita. Wewe utakuwa wa sita."

Na mimi, ninayebadilisha njia nikimwona paka wa jirani, nikasema ndiyo. Nikaisema nikicheka, mdomo umejaa. Ndipo nikakutazama. Ulikuwa unakata uzi kwa meno. Ulifunga fundo, ukachukua kiatu kingine.

Basi siku ya kujaribu ikafika, tukashuka ziwani pamoja na Injinia, ukafunga mikanda, ukanyoosha kamba, ukarudi nyuma. Nikabaki na mbwa wanane na ndevu zangu.

Sleji ikaondoka.

Ee barafu, ulinidanganya vizuri! Ulinibeba kama wimbo unavyombeba mlevi. Upepo ukanivua umri. Miti ya ukingoni ikafifia, maghorofa ya mbali yakafifia, treni ya Tumba ikapita nyuma ya weupe kama mtu anayeguna usingizini. Miaka mia ikayeyuka. Nikajiona kwenye picha ya rangi ya kahawia, ndevu zina barafu, macho yanatazama mbali. Mimi niliyetoka Uvira na sufuria kichwani. Mimi niliyekaa kambini miaka saba nikisubiri jina langu libandikwe ukutani. Mimi niliyepiga deki sakafu za Kista hadi zikanirudishia sura yangu. Mimi, jamani, nilikuwa naigundua dunia. Vumbi la theluji lilipanda na kushuka, mbele yangu majogoo ya njano yalikimbia bila sauti, nyeupe juu ya nyeupe, nyeupe juu ya nyeupe, na nikaanza kutafuta maneno nitakayoandika nikifika.

Kisha nikaona nyeusi.

Pale mto unapoingia ziwani, maji hayagandi. Yalikuwa wazi, meusi, yanatoa moshi kidogo, yamekaa kimya kama mtu anayekungoja mlangoni. Na Waziri, mbwa wa mbele, uliyempa jina hilo kwa sababu anatembea kama anayekwenda kufungua daraja, alikuwa anakwenda kuyafungua maji yale.

Breki hakuna. Breki ni sauti.

Nikatoa neno ambalo mwili wangu unalijua kuliko jina langu. Kwenye vizuizi vya barabara, kule Uvira, askari akisema neno lile, gari linatii, mguu unatii, mate yanatii kooni. Nikalitoa lote.

"Simama!"

Wakaongeza mbio.

"Simama! Simama, nyie!"

Wakaruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Kadiri nilivyowaambia simama ndivyo dunia ilivyokimbia. Sleji ikalala ubavu, kamba ikanizunguka mguu, na mgunduzi wa dunia akawa anaburutwa kwa tumbo, sweta shingoni, kitovu kikisalimiana na Uswidi.

Hapo nikakusikia. Kutoka mbali, juu ya weupe, sauti yako, ile unayomwekea mtoto aliyeanguka.

"Pole! Po-o-ole!"

Nikasema, "Asante."

Naapa, nilisema asante. Kifudifudi, theluji puani, nikashukuru kwa adabu zote alizonifunza mama yangu. Na nilipoinua kichwa, mbwa wote wanane walikuwa wamepunguza mwendo, wakatembea, wakaketi. Hatua kumi kutoka kwenye maji meusi. Waziri akageuka kunitazama, na aibu aliyoniona nayo sijawahi kumwonyesha mtu.

Hukuwa unaniambia mimi.

Ulikuja bila kukimbia. Mtu anayejua barafu hakimbii juu yake. Ulipita ubavuni kwangu, ukaenda kwa mbwa kwanza, ukawagusa miguu, ukahesabu viatu, kimoja kilikuwa kimepotea. Ndipo ukanigeukia.

"Baba Shalom. Ulikuwa unaenda ku ncha ya dunia ao kuvua samaki?"

"Niliwaambia simama!"

"Minakusikia. Bote banakusikia, mpaka kule mbali ku Rissne."

Ukaketi kwenye theluji karibu nami, ukaanza kuifungua kamba mguuni, na ukanieleza kama unavyomweleza Shalom hesabu. Kila asubuhi unaingia bandani. Wamelala, wamejikunja kama maandazi, theluji mgongoni. Unasema simama, nao wanasimama. Wakishasimama ni mikanda, wakishafungwa ni safari. Kwao simama ni mlango unaofunguka. Kutembea taratibu ni pole, na pole ikivutwa ni kuketi. Mbwa wa Tumba hawajawahi kukutana na kizuizi cha barabara. Hawajui kwamba neno lile lile linaweza kuigandisha damu. Ulilichukua neno la askari, Célestine, ukalilisha samaki na uji kwa majira mawili ya baridi, likageuka.

Nikalala pale nikitazama juu. Mwanga ulikuwa umeamka, ukatembea juu ya ziwa, ukafika usoni kwako, ukakaa. Nikatafuta mzaha. Nina mizaha mingi, imenivusha mipaka mitatu. Siku ile mfuko ulikuwa mtupu.

"Nafasi ni yako," nikasema. "Nilikunyang'anya nikiwa nakula."

"Na ulirudia sahani."

"Nilirudia. Nisamehe."

Ulivuta kamba, mguu ukatoka.

Injinia Mugambi akafika akiteleza, mkono mmoja hewani, mwingine umekumbatia daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Miwani imejaa ukungu. Alitazama maji meusi, akatazama mbwa walioketi, akakutazama wewe, akavua kofia.

"Aki Mama Shalom. Umetuokoa."

"Basi mchukue," nikamwambia. "Mimi ni mzigo. Hata Waziri amekwambia."

"Bwana Urbain, mimi moyo wangu unataka. Lakini si tulikubaliana? Mstari kwa mstari. Kama zamani. Tukianza kubadilisha, hiyo si safari ile tena, ni pikiniki."

"Umetoa breki, nimekaribia kunywa ziwa!"

"Breki haikuwa! Hata viatu vya kitenge nimefumba macho tu. Sasa mama wa watu nitamweka wapi? Hayuko. Nimesoma mara nne, hayuko. Wameandikwa sita, majina yao, miji yao, hata nani alikoroma. Siwezi kuleta mtu ambaye hayuko ndani ya daftari. Historia ni historia."

Alikuwa anasema kwa huruma, na hilo ndilo lilikuwa baya. Mtu wa ubishi unaweza kumsukuma. Mtu wa huruma amekwisha kukuzika, anapanga maua. Nilikuona ukiinamisha kichwa. Nikaona kidole chako kikifuata ufa mmoja mwembamba juu ya barafu, kinapanda, kinavuka, kinapumzika. Nikafikiri, imekwisha, atarudi kukata uzi kwa meno.

Ukapangusa mikono kwenye koti. Ukainuka.

"Injinia, lete."

Akakupa. Ukalitoa daftari kwenye plastiki, kwa heshima, kama kitabu cha nyimbo. Ukafungua ukurasa wa kwanza. Ukafungua wa pili. Ukalamba kidole, ukafungua wa tatu, bila haraka, pumzi yako inapanda nyeupe juu ya karatasi. Kisha ukamrudishia likiwa wazi, mikononi mwake.

"Nisaidie kutafuta," ukamwambia. "Mkenya iko ku ukurasa gani?"