Mizinga Iliyoogeshwa

Siku ile mjinga alikuwa Saulo. Bora tuseme mapema, tusije tukasumbuana huko mbele. Hata yeye mwenyewe hakatai, ila huomba tu jambo hilo lisisemwe mbele ya wakwe zake. Na shida ni kwamba ukioa Nyololo ukahamia Nyololo, kila unayemsalimia njiani ni mkwe.

Kwao ni Ilomba, Mbeya. Alimfuata mkewe Damari hadi Nyololo, Mufindi, kwa sababu baba yake Damari hakujaliwa mtoto wa kiume, na mzee alikuwa na mizinga sita juu ya miti sita, katika msitu ulio nyuma ya kijiji. Kabla hajafa alimwita mkwe wake akamwambia, "Nyuki si kuku, Saulo. Hawafungiwi mlango. Wanakaa panapowapendeza." Saulo akaitikia kwa kichwa, lakini akili yake ilikuwa imeshafika kwenye asali.

Miaka miwili mambo yakaenda. Asali ikashuka, na nta yake ikawa mali ya Damari. Damari alikuwa akipasua kipande cha mwanzi katikati, anakifunga tena kwa kamba ya mgomba, ananing'iniza utambi wa pamba ndani yake, kisha anamimina nta iliyoyeyuka. Ikishapoa anafungua kamba, na mshumaa unatoka umenyooka, wa manjano, unanukia asali hata kabla ya kuwashwa. Padri wa misheni akishawasha mmojawapo, ile ya dukani alikuwa haitazami tena.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na tatu, na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi kusikiliza redio, wakachimba vyoo, wakajenga vichanja vya vyombo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Kikundi cha Saulo kilimchagua yeye kuwa kiongozi, na hapo ndipo ibilisi alipopata mlango. Alifagia mpaka mbwa wakaogopa kulala uani. Alipomaliza vyote vilivyo chini, akainua macho akaona mizinga.

"Humu ndani sijui kuna uchafu wa miaka mingapi," akajisemea.

Akangoja asali irinwe, akafukiza moshi, akaishusha yote sita. Ndani akakuta nta kuukuu na ulimbo mweusi umegandamana na mti. Akachemsha maji, akachukua sabuni kali aliyoipika Damari, ile ya kufulia, akasugua. Alisugua siku mbili. Mizinga ikang'aa kama sahani za harusi, akaianika juani, akairudisha mitini, akashuka na kuitazama kwa mikono kiunoni.

Nyuki waliokuwa wamejikusanya tawini wakaja kuangalia nyumba yao. Wakazunguka mara mbili, wakanusa, wakaondoka. Mpaka leo hawajatuma hata salamu.

Mwaka mzima ukapita bila tone la asali. Nta ikaisha, mishumaa ikaisha, na Damari akabaki na sabuni peke yake. Na Saulo, kama desturi ya mtu aliyekosea, akaanza kutafuta wa kumtwika kosa.

"Sabuni yako ndiyo iliyofukuza nyuki, mama Tupo," akasema jioni moja. Tupo ni binti yao, Tupokigwe.

"Sabuni yangu ilipanda mtini yenyewe?"

"Usinichezee maneno. Kama usingeipika, ningesugulia nini?"

"Kama baba asingekuwa na mizinga, ungesugua nini?"

Saulo akamalizia ugali wake.

Damari hakuacha kupika sabuni. Mafuta ya ng'ombe aliletewa na Budeba, Msukuma aliyehamia Ubaruku na ng'ombe wake. Budeba alikuwa akidandia lori na kushuka pale barabarani na madebe mawili na kelele za watu kumi. Maji ya majivu Damari aliyachuja mwenyewe kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharage, anayachuja na kuyachemsha mpaka yai likitiwa linaelea. Akachanganya, akakoroga tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akatupia chumvi ili sabuni ikaze. Halafu akamimina kwenye mianzi ileile iliyokosa nta, na kesho yake akaikatakata vipande vya mviringo.

Mwezi wa kumi mwaka wa sabini na nne akaongeza jambo jipya. Alitwanga mchaichai, akauchemsha ndani ya mafuta, akauchuja. Sabuni ikatoka ya kijani kibichi, na nyumba nzima ikanukia chai.

"Sabuni ni ya kutoa uchafu," Saulo akasema. "Ya kunukia ni ya nini? Unataka mtu akipita aulize ni nani aliyeoga?"

"Baba alikuwa anapaka mchaichai na nta ndani ya mizinga," Damari akajibu. "Aliwaita nyuki hivyo. Nishushie mzinga mmoja, nikuoneshe."

"Sabuni ifukuze, kisha sabuni iite? Mimi nimezaliwa jana?"

Lingekuwa jambo la kuchekwa tu, kama si Joachim. Joachim alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole mwenye daftari gumu. Watu wengi walikuwa wamehamishiwa kijijini mwaka ule kutoka vilimani, nao walikuwa wakiomba miti ya kutundikia mizinga. Kamati ikakaa, ikaamua: Jumamosi msitu utakaguliwa. Mti wenye mzinga usio na nyuki utapewa mwingine.

Damari aliposikia hakulia. Alikaa jikoni akitazama ile mianzi. Miti ile sita ndiyo iliyobaki ya baba yake. Kaburi lilishaota nyasi, nyumba ilishabomolewa, lakini miti ilikuwa imesimama, na kila mtu aliiita kwa jina la mzee. Saulo alimwona anavyotazama, na moyo ukamchoma. Lakini wako watu ambao moyo ukiwachoma, mdomo ndio unaozidi kuwa mrefu.

"Nitazungumza na Joachim kiume," akasema.

Ijumaa Budeba akaja na madebe. Damari akamwomba amshushie mzinga mmoja kutoka mti wa karibu. Budeba akapanda na buti zake, akaushusha, na Damari akaupaka ndani kwa makapi ya mchaichai na makombo ya nta aliyoyakwangua kwenye mianzi. Akauacha palepale, chini ya mti.

Jumamosi alfajiri Saulo akaenda kuoga ili azungumze kiume. Sabuni ya kufulia haikuwapo. Budeba alikuwa ameichukua yote kumpelekea mkewe, Regina. Kilichobaki ni ile ya kijani. Saulo akatazama kushoto, akatazama kulia. Akajipaka. Akaona inateleza vizuri, akajipaka tena. Akaipitisha kichwani, shingoni, nyuma ya masikio. Mwisho akachukua kipande kizima akakitia mfuko wa shati, ili akikaa karibu na mwenyekiti kikao kiwe na heshima.

Damari alinusa alipopita, akainamia moto wake asionekane anacheka.

Msituni walikuwapo Joachim na daftari, Budeba ambaye lori la kumrudisha lilikuwa halijaja, Damari, na wakwe kama ishirini waliokuja kutazama. Miti ilikuwa imetoa majani machanga mekundu, na jua lilikuwa limeanza kupasha. Joachim akagonga mzinga wa kwanza kwa fimbo ndefu. Kimya. Wa pili, kimya. Saulo akasogea, akafungua mdomo aanze kiume.

"Ndugu Mwenyekiti, kwanza ieleweke kwamba..."

Kukasikika mvumo, kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo. Watu wakatazama barabarani, hakuna lori. Wakatazama juu.

Kundi la nyuki lilikuja juu ya majani mekundu kama moshi mweusi, likapinda, likashuka. Wakwe ishirini wakatoweka hata usijue walipitia wapi. Nyuki hawakuwajali. Walimzunguka Saulo mara moja, wakatua kwenye mfuko wa shati, kisha begani, kisha shingoni, mpaka akawa na ndevu ambazo hata Mungu hakuwa amempangia.

"Mama Tupo," akasema bila kusogeza midomo. "Mama Tupo, nakufa."

"Hufi. Simama kama mti."

"Wananiingia sikioni!"

"Basi usiseme, watakuingia mdomoni."

Budeba alikuwa nyuma ya kichuguu, sauti yake tu ndiyo iliyosikika. "Bwana Saulo! Kwetu mtu akipendwa hivyo analipiwa mahari!"

Damari hakukimbia. Alimwona baba yake akifanya kazi hii tangu akiwa mtoto mgongoni. Kundi linalotafuta nyumba limeshiba asali, halina hamu ya vita. Ukilitisha ndipo unapolitafutia hasira. Akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, moshi ukatoka kidogokidogo. Akavuta ule mzinga aliokuwa ameupaka, akauegemeza kwenye kifua cha mume wake, mdomo juu. Kisha kwa vidole viwili akatoa kile kipande cha sabuni mfukoni, polepole kama anayemwibia mtu aliyelala, akakiweka mlangoni mwa mzinga.

Nyuki wakafikiri kidogo. Mmoja akaingia, wakaingia kumi. Halafu malkia, mrefu na mwekundu kiunoni, akatembea kwenye kola ya Saulo kama bibi arusi kanisani, akaingia ndani, na kundi zima likamfuata. Saulo alisimama pale muda wa kuivisha maharage. Alipata miiba minne: mitatu shingoni, mmoja kwenye kope.

Wakwe wakarudi mmoja mmoja, kila mmoja akidai hakuwa ameenda mbali. Budeba akaupandisha mzinga mtini kwa kamba. Joachim akakaribia, akatega sikio, akasikia mvumo wa watu wanaohamia nyumba mpya. Akafungua daftari.

"Mti mmoja una nyuki," akasema. "Mitano bado."

"Nipe mpaka Krismasi, Mwenyekiti," Damari akasema. "Makundi yameanza kuhama. Mchaichai ninao na mafuta ninayo. Mitano hiyo nitaijaza."

Joachim akamtazama, akautazama mzinga, akakumbuka alichokiona kwa macho yake. "Mpaka Krismasi," akakubali. "Lakini kamati inataka jina. Miti hii sita niandike ya nani? Mzee ameshafariki, na hatuandiki marehemu."

Hapo Saulo akapata uhai. Jicho moja limefumba kwa uvimbe, shingo imekuwa kama ya fahali, lakini akajinyoosha, akapiga kifua chenye harufu ya chai.

"Andika Saulo. Kwani hamkuona? Nyuki wametoka wanakokujua wenyewe, wakawapita watu ishirini, wakampita Mwenyekiti, wakampita Msukuma mwenye ng'ombe mia, wakanifuata mimi. Nyuki wanamjua mwenye mizinga. Yupo hapa wa kubisha?"

Wakwe wakatazamana. Budeba akakohoa. Joachim akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akamgeukia Damari, ambaye alikuwa ameinama akiokota kipande chake cha sabuni na kukipangusa vumbi.

"Andika tu Saulo, Mwenyekiti, sina ugomvi," Damari akasema. "Ila kwanza akaoge kwa ile sabuni aliyosugulia mizinga, arudi asimame hapahapa, tuone nyuki watamfuata nani."